Mjomba anataka pikapu: kutoka Peugeot 504 hadi Hilux na D-Max

Leo naweka programu pembeni kidogo nizungumze magari. Msiondoke! Mkifika mwisho mtaona kwamba ni habari ya kompyuta vilevile.

Mjomba wangu anakaa Mtwapa, ukivuka daraja tu ukitoka Mombasa. Alikuwa mwalimu, sasa amestaafu. Kwa zaidi ya miaka 20 ameendesha pikapu ya Peugeot 504. Imebeba nazi, mbolea, viti vya harusi, na mara nyingi usiku wa manane imewapeleka wajawazito wa mtaani hospitalini. Mwezi uliopita ikamshinda. Injini ni nzima! Kilichovunjika ni kipande cha ndani ya giya boksi. Fundi alikitafuta Mombasa nzima, akakikosa, akachongesha kingine. Kikadumu wiki mbili.

Basi akanipigia simu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Wewe si ndiye msomi wa kompyuta? Hebu nichagulie: Hilux au D-Max? Na ujue pesa hizi ni za kustaafu. Zikiisha zimeisha."

Nikafanya kama kawaida yangu: jedwali kubwa, nguvu za farasi, lita kwa kilomita, uzito wa mzigo, kila kitu. Nikampelekea. Akavaa miwani, akasoma kimya, kisha akauliza swali moja tu: "Na kikivunjika kitu hapa Mtwapa, nani ananiuzia kingine?"

Jedwali langu halikuwa na safu ya swali hilo. Ndiyo maana nikaanza kusoma historia.

Mambo yanaanza mwaka 1968. Mwaka huo huo mmoja yalizaliwa magari mawili: Toyota Hilux kule Japani mwezi wa Machi, na Peugeot 504 kule Ufaransa miezi michache baadaye. Hilux ilikuwa pikapu tangu siku ya kwanza, na injini yake ilikuwa ya lita 1.5 tu. 504 ilianza kama gari la familia, pikapu yake ikafuata baadaye.

Kwetu Afrika Mashariki Mfaransa ndiye aliyetangulia kupata jina. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo 1966, 1967 na 1968. 504 nayo ikashinda 1975. Mashindano yale yalikuwa tangazo kubwa kuliko tangazo lolote la redio. Gari lililopita matope na vumbi la Safari, nani atalikataa?

Halafu ikaja siasa ya viwanda. Miaka ya 1970 serikali ya Kenya ilitaka magari yaunganishwe hapa hapa nchini. Vikapatikana viwanda vitatu: cha Leyland pale Thika, cha General Motors pale Nairobi, na Associated Vehicle Assemblers hapa kwetu Mombasa. Vifaa vilikuja kwa meli vikiwa ndani ya makasha, mafundi wetu wakaviunganisha. Peugeot 504 iliunganishwa Mombasa, na zilitoka kama 27,000 kabla kazi hiyo haijakoma mwaka 2004.

Hebu fikiria maana yake. Gari likiunganishwa Mombasa, spea zinajaa madukani na mafundi wanalijua ndani nje. Vijana wa gereji za jua kali wamejifunza ufundi kwa 504. Lakini makasha yalipoacha kuja, spea zikaanza kupungua, moja baada ya nyingine. Gari halikufa siku moja. Lilikauka kama kisima. Miaka 20 baadaye kipande kimoja cha giya boksi kinamlaza mjomba chini.

Watu wa programu mmeshaelewa ninakokwenda. Umejenga mfumo wako juu ya maktaba nzuri ya programu, mwenye kuitunza akaacha kuitunza. Leo mfumo unafanya kazi. Kesho unafanya kazi. Siku moja kitu kidogo kinabadilika, hakuna wa kukirekebisha, na wewe ndiye unayeamshwa usiku.

Turudi kwa Wajapani. Isuzu iliingia Kenya kupitia kile kiwanda cha General Motors, kilichoanza kazi mwaka 1977. Humo yametoka malori na mabasi ya Isuzu miaka nenda miaka rudi. Mwaka 2017 General Motors iliuza hisa zake kwa Isuzu, na kampuni ikaitwa Isuzu East Africa. Pikapu ya D-Max yenyewe ilizinduliwa Thailand mwaka 2002. Hilux nayo ilibadilika sana mwaka 2004, Toyota ilipoamua kuitengeneza Thailand, Afrika Kusini na Argentina badala ya kuitegemea Japani.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mbona Probox za mitumba kutoka Japani zimejaa barabarani, lakini Hilux za mitumba kutoka Japani si nyingi? Kwa sababu Toyota iliacha kuuza Hilux Japani mwaka 2004, ikairudisha 2017. D-Max haikuuzwa Japani kabisa. Sheria yetu nayo hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Ukijumlisha hayo, kwa miaka mingi mtumba wa pikapu ulibidi utoke Thailand, ambako usukani uko kulia kama kwetu, au uwe gari lililotumika humu humu Kenya. Na msinitumie picha za Toyota Tacoma! Ile ni ya Wamarekani, imeanza 1995, na usukani wake wa kushoto hausajiliwi kwetu kwa matumizi ya kawaida.

Kuna mabadiliko mengine ya kuangalia. Hilux za dizeli za zamani, zenye injini za 2L na 3L, zilikuwa na pampu ambayo fundi anaifungua kwa spana. Za sasa, Hilux na D-Max zote, dizeli inasukumwa kwa shinikizo kubwa na kompyuta ndiyo inayoamua injekta ifunguke lini. Zinavuta vizuri na zinakula kidogo, lakini hazitaki dizeli chafu. Kenya ilipunguza salfa ya dizeli hadi kiwango cha 50 kwa milioni mwaka 2015. Mwaka 2018 ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa, ili watu waache kuyachanganya na dizeli. Hata hivyo, injekta moja ikiharibika unahitaji fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari.

Kwa hiyo nikafuta jedwali langu. Jumamosi nikaenda Mtwapa, tukazunguka na mjomba kwa miguu. Tuliuliza mafundi na wenye maduka ya spea mambo matatu. Una kichujio cha dizeli na injekta zake leo, au mpaka uagize? Una mashine ya kusoma kompyuta yake? Umefungua ngapi mwaka huu?

Hilux ilishinda kwa bei ya kuuzia tena, hilo halina ubishi. Lakini mjomba alicheka. "Mimi siuzi. Hii nitazeeka nayo." Na fundi aliye karibu naye anashinda kwenye malori ya Isuzu, mashine ya Isuzu anayo, na alijibu maswali yote matatu bila kuinua simu.

Basi tumechagua D-Max iliyotumika humu nchini, dabo kebini, kutoka kwa mwenye gari wa kwanza, yenye karatasi za huduma zote. Kama fundi wa jirani angekuwa wa Toyota, tungechukua Hilux, na ningeandika habari hii hii kwa jina jingine.

Kabla ya kulipa tuliingia chini ya gari na tochi kutafuta kutu. Hewa ya chumvi ya pwani haiheshimu jina la kampuni.

Na ile 504? Iko chini ya mwembe. Nilidhani ataiuza chuma chakavu, kumbe wapi. Tayari watu wawili wenye 504 zao wamekuja kuomba spea. Mmoja ameondoka na mlango, mwingine ameweka rehani ya kabureta. Mjomba amekuwa duka.