Shaaban Robert na Mswada Uliongoja Miaka 21

Wahakiki wanapomjadili Shaaban Robert (1909–1962) aghalabu huanzia kwenye maadili, wakausahau utendakazi wake. Tangu 1926 alikuwa karani wa serikali ya kikoloni Tanganyika, kwanza katika idara ya forodha. Utunzi ulibidi kutafutiwa nafasi kando ya ajira hiyo.

Kufikirika inadhihirisha hali hii. Iliandikwa 1946 lakini ikachapishwa 1967, mtunzi akiwa amekwisha kufariki. Miaka 21! Wanafunzi wetu, wakitazama tarehe ya uchapishaji tu, huisoma kana kwamba ilizaliwa baada ya Kusadikika (1951). Hivyo hawaoni kwamba mtu huyu alikuwa na mswada kamili uliokwama, na bado akaandika Kusadikika, kisha Adili na Nduguze (1952). Dai kwamba kinachomsukuma mtunzi ni kuchapishwa halisimami hapa. Kwa maoni yetu, kilichomdumisha ni mazoea ya kulirudia suala moja, la uongozi wa haki, kila mara katika nchi nyingine ya kubuni. Anayezifundisha riwaya hizi aanze na mfalme wa Kufikirika asiye na mrithi, ndipo amfikie Karama akijitetea mbele ya baraza la Kusadikika.