Kitabu Kimoja, Masikio Mengi

Kila mwezi hapa Korogwe tunachagua kitabu cha kusoma na kujadili, na kila mwezi tunabishana: riwaya au diwani? Kinene au chembamba? Mimi hurejea Handeni, mwaka 1973, nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya msingi.

Mwaka huo ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12, takriban watu milioni 2 nchini walikutana vikundi vikundi: wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu au wakasomewa, wakajadili, kisha wakaazimia la kutenda, kama vile kuchimba vyoo. Mama yangu hakujua kusoma, lakini kikundini alijibu hoja kwa hoja. Choo chetu kilichimbwa kabla kampeni haijaisha.

Baada ya miaka mingi ya ualimu nililisahau somo hilo. Zamu yangu ilipofika nilichagua kitabu kinene. Mwisho wa mwezi tulibaki wanne. Mwezi uliofuata nikapendekeza Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, tukaisoma kwa sauti. Mzee mmoja, ambaye macho yake hayaoni tena herufi, ndiye aliyeuliza swali lililotukalisha hadi magharibi: mtu akisema kweli na nchi isimsikilize, kosa ni la nani?

Basi nawaasa wenzangu: kabla ya kuuliza kitabu kina sifa gani, tuulize ni nani atakayebaki nje kikichaguliwa.