Miwani ya Jua: Kuficha Macho na Kuyalinda

Kwetu mtu akivaa miwani ya jua huulizwa kwanza anamficha nani. Kijana huambiwa anajidai, na akifika mbele ya wazee inampasa aivue kabla ya kuwaamkia. Desturi hiyo siilaumu. Sisi hupenda kuliona jicho la mtu anayesema nasi. Wala shaka hiyo haikuzuka hivi hivi. Mahakimu wa Uchina ya kale walivaa vioo vya jiwe lenye rangi ya moshi, ili washtakiwa wasiisome hukumu nyusoni mwao kabla haijatamkwa.

Lakini wako waliovaa kwa sababu nyingine kabisa. Wainuit wa kaskazini ya mbali, ambao vitabu vyetu vya shule viliwaita Waeskimo, huishi penye theluji, na theluji mpya hurudisha kiasi cha asilimia 80 ya mionzi ya urujuanimno inayoiangukia. Mwindaji akishinda humo bila kinga, mionzi hiyo humwunguza konea, yaani ule utando mwangavu wa mbele ya jicho. Usiku macho humwuma kana kwamba yametiwa mchanga, na huenda asione vizuri kwa siku moja au mbili. Kioo hawakuwa nacho. Walichonga mfupa, pembe au ubao ukae sawasawa na uso, wakatoboa ufa mwembamba wa kuchungulia, wakafunga kwa kamba kisogoni. Mimi nakipenda chombo hiki kuliko vingi vilivyofuata: hakina rangi wala urembo, na kinafanya kazi.

Sayansi ilichelewa. Huko Uingereza wafanyakazi wa viwanda vya kioo, wenye kukodolea tanuri macho mwaka hadi mwaka, walikuwa wakipatwa na mtoto wa jicho. Mwanakemia William Crookes alijaribu michanganyiko zaidi ya 300 ya kioo, akatangaza matokeo yake mwaka 1913. Baadhi ya vioo alivyovitia madini ya seriamu vilizuia urujuanimno huku vikiwa karibu vyeupe. Hapo ndipo penye fundisho ambalo biashara ililipita mbio: kinga ni kile kilichomo ndani ya kioo, wala si weusi wake.

Mwaka 1929 Sam Foster alianza kuuza miwani ya bei rahisi ufukweni Atlantic City, Marekani. Wakafuata marubani, kisha nyota wa sinema, na miwani ikawa pambo.

Pambo hilo laweza kudhuru. Mboni ya jicho hujifinya penye mwanga mkali na hutanuka penye giza. Ukivaa kioo cheusi kisichozuia urujuanimno, unaitanua mboni, na mionzi usiyoiona inapata mlango mpana zaidi. Kwa hiyo anayenunua barabarani asitazame weusi. Atafute alama ya UV400, na kwa kuwa alama hubandikwa na yeyote, aipeleke miwani kwenye duka la miwani lenye kipimo. Fremu pana inayokumbatia uso ni bora kuliko vile vioo vidogo vya fasheni. Na hata miwani nzuri namna gani haifai kutazamia jua lililopatwa.

Wavuvi wetu hushinda kati ya jua la juu na jua linalorudishwa na maji, na wengi wao huota kinyama cheupe kinachotambaa kuelekea mboni. Sijaona ajabu mvuvi akivaa kofia. Akivaa miwani atachekwa.

Wanaoumia zaidi kwa kicheko hicho ni wenye ualbino. Macho yao yana upungufu wa ile rangi inayozuia mwanga, hivyo jua la mchana huwaumiza kweli kweli. Mtoto wa namna hiyo anapoamriwa kuivua miwani uwanjani kwa kuwa si sare ya shule, heshima anayodaiwa analipa kwa macho yake, na mwalimu hudhani amemfunza adabu.