Subira ya Mkimbiaji



Wako miongoni mwetu wanaodhani kuwa mwenye imani hashindwi. Mtoto akianguka mtihani, au biashara ya mtu ikizama, husemwa barazani kuwa lau angekuwa na imani ya kweli yasingemfika hayo. Na wako wengine walioshika upande wa pili: likiwafika zito husema, "Ndiyo kadari," wakakunja mikono wakakaa. Kauli zote mbili zina kasoro. Leo napenda tulitazame jambo hili kwa khabari ya mkimbiaji mmoja wa Morocco.

Hicham El Guerrouj alizaliwa mwaka 1974 katika mji wa Berkane. Alipokuwa mtoto wa miaka tisa, mwaka 1984, Mmorocco mwenziwe, Saïd Aouita, alishinda mbio za mita 5000 katika Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles, na himma ikamwingia kijana. Alipokua, alifanya mazoezi Ifrane, juu katika milima ya Atlas, chini ya mwalimu wake Abdelkader Kada.

Mwaka 1996 alifika fainali ya mita 1500 huko Atlanta, Marekani. Bingwa wa wakati ule alikuwa Noureddine Morceli wa Algeria. Ulipokaribia mzunguko wa mwisho, El Guerrouj alikuwa nyuma yake, tayari kumpita. Miguu ikagusana, akaanguka. Alisimama, akakimbia mpaka mwisho, akawa wa 12, nyuma ya wote. Alilia sana siku ile, hata Mfalme Hassan wa Pili akampigia simu kumliwaza.

Sasa nakuuliza, ndugu yangu: Morceli ni Muislamu, na El Guerrouj ni Muislamu. Ikiwa kila mwenye imani hushinda, ingekuwaje katika mbio zile ambazo mshindi ni mmoja tu? Basi ushindi wa uwanjani si mizani ya imani ya mtu. Yaliyomo moyoni anayajua Mola peke yake.

Lakini El Guerrouj hakukunja mikono. Mwaka ule ule, huko Milan, alimshinda Morceli. Akawa bingwa wa dunia wa mita 1500 mara nne: 1997, 1999, 2001 na 2003. Mwaka 1998, mjini Rome, alikimbia masafa hayo kwa dakika 3 na sekunde 26, na mwaka 1999 akaikimbia maili moja kwa dakika 3, sekunde 43 na sehemu 13 za mia. Robo karne ilipita na rekodi zote mbili hazijavunjwa.

Ilipofika Olimpiki ya Sydney, mwaka 2000, kila mtu alimhisabia yeye dhahabu. Wapi! Alipitwa karibu na mwisho na Noah Ngeny wa Kenya, kwa robo ya sekunde. Na Ngeny huyo ndiye kijana aliyemwongozea mwendo Rome mwaka 1998, alipovunja rekodi.

Hapa tukumbuke khabari ya ngamia wa Mtume wetu (S.A.W.), al-Adhbaa, aliyekuwa hapitwi kwa mbio. Siku moja alikuja bedui na ngamia wake kijana, akampita. Masahaba wakaona uzito. Mtume (S.A.W.) akawafahamisha kuwa ni haki ya Mwenyezi Mungu kwamba hakuna cha dunia kinachopanda juu ila hukishusha. Ikiwa mafunzo hayo yalitolewa kwa ngamia wa Mtume, sisi ni nani hata tukasirike tukipitwa na kijana tuliyemzoea nyuma yetu?

Miaka minne tena akarudi milimani. Mwaka 2004 ulimwanzia vibaya. Kifua kilimsumbua, na Rome, mahali pa rekodi zake, alimaliza wa nane. Watu wakasema amekwisha. Lakini Athens, Agosti 24, alimshinda Bernard Lagat, aliyeikimbilia Kenya, kwa sehemu 12 za mia za sekunde. Akaanguka tena chini, mara hii kwa kupenda mwenyewe, akiinamia ardhi kwa furaha, na Lagat akamkumbatia. Siku nne baadaye akashinda na mita 5000 mbele ya Kenenisa Bekele wa Ethiopia na Eliud Kipchoge wa Kenya. Hakuna aliyekuwa amezishinda mbio hizo mbili katika Olimpiki moja tangu Paavo Nurmi wa Finland mwaka 1924.

Usije ukasema, msomaji, kuwa mafunzo ya khabari hii ni zile dhahabu mbili. Lau angepitwa tena Athens, subira yake ingebaki kuwa subira. Sisi tumeamrishwa kumfunga ngamia kisha tutawakali. Kufunga ni juu yetu, matokeo ni ya Mola.

Basi mtoto wako akirudi na matokeo mabaya, usimpime imani yake, wala usimwambie ndiyo kadari akae. Mwambie asimame, kwani hata wa 12 aliimaliza safari yake.

Mwenyezi Mungu atujaalie subira na himma. Amin.