Vyama Vilivyotaka Kiti cha Mwami

Anayeteremka kutoka Mutanga Sud kwenda katikati ya mji wa Bujumbura lazima akutane na Boulevard du 28 Novembre. Siku hizi, petroli ikiwa ni ya kutafutwa kwa tochi, wengi hukutana nayo kwa miguu: wanafunzi wa kampasi ya Mutanga wenye madaftari kwapani, walinzi wa usiku wanaorudi Nyakabiga, watumishi wa serikali waliochomekea vizuri huku viatu vikiwa vimepauka kwa vumbi. Ukimsimamisha mmoja wao umuulize tarehe hiyo ni ya nini, huenda akakuangalia mara mbili kabla ya kujibu. Ni siku ambayo Burundi iliacha kuwa ufalme.

Tarehe 28 Novemba 1966 Michel Micombero, ofisa wa jeshi na waziri mkuu mwenye miaka 26, alitangaza jamhuri. Mfalme Ntare V, kijana ambaye hata miaka 19 alikuwa hajaitimiza, alikuwa Kinshasa kwenye sherehe za mwaka mmoja wa Mobutu madarakani. Akavuliwa taji akiwa ugenini, kwenye karamu ya mwenzake. Na siku chache tu kabla ya hapo, utawala wa mfalme huyo huyo ulikuwa umeifanya UPRONA kuwa chama pekee halali nchini. Mfalme akaondoka, chama kikabaki.

Mimi najihesabu mhafidhina, na kwa mhafidhina wa Burundi habari yote inaanzia hapo. Wenzetu wa nchi nyingine wana kitu cha kushikilia, iwe taji, kanisa au katiba iliyozeeka mikononi mwa vizazi. Kwetu vitu hivyo vimeingia mfukoni mwa vyama, kimoja baada ya kingine, na kila chama kilipovichukua kilisema kinavitunza.

UPRONA yenyewe ilizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 ikiwa chama cha watu wa mfalme. Kiongozi wake, Louis Rwagasore, alikuwa mwana wa Mwami, yaani mfalme, Mwambutsa IV. Alikuwa amesoma Astrida na baadaye Ubelgiji, kisha akarudi na kuanzisha ushirika wa wafanyabiashara. Wafuasi wake wa kwanza mjini walikuwa watu wa biashara ndogo, wakiwemo Waislamu wa Buyenzi ambao hadi leo Kiswahili ndiyo lugha yao ya barazani. Alidai uhuru wa haraka, lakini uhuru chini ya Mwami na umoja wa Warundi wote. Kwa maneno ya leo, huyo alikuwa mzalendo na mhafidhina kwa pamoja, na hakuona mgongano wowote kati ya hayo mawili.

Wabelgiji walimwona hatari. Walipendelea chama cha PDC, cha Wakristo wa kidemokrasia, kilichoongozwa na Jean-Baptiste Ntidendereza na Joseph Biroli, wana wa chifu Baranyanka. Nyuma ya siasa hiyo ya kisasa kulikuwa na ugomvi wa zamani wa koo mbili za kifalme, Bezi na Batare. Mwaka 1960 wakoloni walipiga marufuku ndugu wa karibu wa Mwami kushika nyadhifa za kisiasa, wakamweka Rwagasore katika kifungo cha nyumbani, na PDC ikaongoza katika uchaguzi wa manispaa wa mwaka huo. Msomaji na aliweke akilini jambo hilo: serikali kumchagulia mpinzani kiongozi wake kulianza kabla ya uhuru, na hakukuanzishwa na Mrundi.

Hila hiyo haikufua dafu. Tarehe 18 Septemba 1961 UPRONA ilitwaa viti 58 kati ya 64. Rwagasore akawa waziri mkuu, na wiki mbili tu baadaye, tarehe 13 Oktoba, akapigwa risasi akila chakula cha jioni katika Hoteli Tanganyika, kando ya ziwa. Aliyefyatua alikuwa Mgiriki, Jean Kageorgis. Viongozi wa PDC walihukumiwa kwa njama hiyo, na Ntidendereza na Biroli wakanyongwa Gitega mwezi Januari 1963, nchi ikiwa tayari huru. Kwa hiyo katika muda usiofika miaka miwili chama kikubwa kilimpoteza kiongozi wake, na chama kilichoshindana nacho kikapoteza wake kwenye kitanzi. Sijui demokrasia gani ingeanza vizuri kwa mtaji huo.

Kaburi la Rwagasore liko Vugizo, kwenye kilima kinachoutazama mji. Kila tarehe 13 Oktoba mashada huwekwa pale kwa mpangilio: rais kwanza, kisha wakuu wengine, na UPRONA nayo hufika kumkumbuka mwasisi wake. Watu ambao mwaka mzima hawakai meza moja husimama pale wakisubiri zamu.

Baada ya kifo chake UPRONA iligawanyika vipande viwili, Casablanca na Monrovia, majina yaliyotokana na makundi ya nchi za Afrika ya wakati ule. Mwambutsa, ambaye angeweza kuwa mwamuzi, aliamua kuwa mchezaji. Waziri mkuu Pierre Ngendandumwe aliuawa Januari 1965. Uchaguzi wa Mei mwaka huo uliwapa Wahutu wengi bungeni, lakini Mwami akamteua mtu wake wa ikulu, Léopold Biha, kuwa waziri mkuu. Oktoba lilifuata jaribio la mapinduzi, mauaji yakafuatia, na mfalme akakimbilia Ulaya. Mwanawe, Ntare V, alimwondoa Julai 1966, na Micombero akamwondoa mwana miezi minne baadaye. Mhafidhina mkweli hana budi kukiri kwamba ufalme haukuuawa na wanajeshi peke yao. Mwambutsa alikuwa ameuchosha mwenyewe.

Jamhuri ikaondoa ngoma ya kifalme kwenye bendera. Kaulimbiu ya ufalme, Imana, Umwami, Uburundi, ikabadilishwa kuwa Umoja, Kazi, Maendeleo, na nyota tatu nyekundu zikapachikwa katikati kuiwakilisha. Chama kilichokuwa kikimtetea mfalme kikawa ngazi ya kupandia cheo cha mwalimu, cha mkuu wa wilaya, hata cha mwamuzi wa kilimani. Ntare V aliporudi kutoka Uganda mwaka 1972 alikamatwa, akauawa Gitega usiku wa tarehe 29 Aprili, siku ile ile yalipoanza machafuko ya kusini. Kilichofuata ni mauaji makubwa ya Wahutu, hasa waliosoma; makadirio ya waliokufa ni kati ya watu 100,000 na 300,000. Yote hayo yalifanyika chini ya chama kimoja kilichokuwa na neno umoja ndani ya jina lake.

Jean-Baptiste Bagaza, aliyempindua Micombero mwaka 1976, alikwenda mbali zaidi: aligombana na Kanisa Katoliki, akawafukuza wamisionari, na misa za siku za kazi zikapigwa marufuku kabla ya jioni. Mwaka 1984 alichaguliwa akiwa mgombea pekee kwa zaidi ya asilimia 99. Miaka mitatu baadaye Pierre Buyoya alimpindua akiwa mkutanoni Canada. Ntare Kinshasa, Bagaza Québec: safari za nje hazikuwa na heri kwa watawala wetu.

Vyama vingi vilirudi na katiba ya 1992, na pamoja navyo wafuasi wa ufalme. Chama chao, PRP, kilimsimamisha Pierre-Claver Sendegeya katika uchaguzi wa rais wa tarehe 1 Juni 1993. Alipata asilimia moja na ushei. Melchior Ndadaye wa chama cha FRODEBU alishinda kwa asilimia 65. Wale wanaosema Warundi bado wanamlilia Mwami wauangalie mwaka huo vizuri: wananchi walipopewa nafasi ya kumrudisha hawakumtaka. Walitaka kuhesabiwa. Ndadaye aliuawa na wanajeshi tarehe 21 Oktoba, na vita vikaanza. Mtaa wetu ulipata sehemu yake: Juni 1995 wanafunzi Wahutu waliuawa usiku katika kampasi ya Mutanga, chuo kikuu kikiwa kimeshagawanyika kama mitaa ilivyogawanyika.

Katika historia hii yote, kwangu mimi hati ya kihafidhina kuliko zote ni Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000, ulioanza kusimamiwa na Mwalimu Nyerere na kukamilishwa na Mandela. Hauna ndoto kubwa ndani yake. Unachukulia kwamba binadamu wataogopana, kwa hiyo unagawa madaraka kati ya Wahutu na Watutsi, unagawa jeshi nusu kwa nusu, unaweka mihula miwili ya urais, na unafanya katiba iwe ngumu kubadilishwa. CNDD-FDD, chama cha wapiganaji wa zamani kilichoshinda mwaka 2005, kiliingia ikulu kupitia mlango huo.

Mlango huo ulijaribiwa Machi 2014. Serikali ilipeleka bungeni marekebisho ya katiba yaliyohitaji kura 85. Zikapatikana 84. Miongoni mwa waliokataa walikuwa wabunge wa UPRONA, chama kile kile kilichowahi kuimeza nchi nzima. Wiki chache kabla, wizara ya mambo ya ndani ilikuwa imeingilia mgogoro wa uongozi wa UPRONA na kutambua upande mmoja. Makamu wa rais Bernard Busokoza alifukuzwa kazi, mawaziri wa UPRONA wakajiuzulu. Hata hivyo wabunge wake walisimama. Mtu anaweza kuwa na kinyongo na UPRONA kwa mambo ya 1972, na ni haki yake, lakini kura ile moja ilikuwa kazi ya uhafidhina iliyofanywa kwa ufasaha kuliko hotuba yoyote ya mila niliyowahi kuisikia.

Haikudumu. Rais Pierre Nkurunziza wa CNDD-FDD aligombea tena mwaka 2015, Mahakama ya Katiba ikambariki, jaribio la mapinduzi la Mei likashindwa, na watu kwa maelfu wakakimbia. Kura ya maoni ya Mei 2018 ikaleta muhula wa miaka saba.

Sambamba na hayo, mila zilipanda bei. Mwaka 2017 serikali iliwataka wanaoishi pamoja bila ndoa waoane rasmi kabla ya mwisho wa mwaka. Mwaka huo huo amri ya rais iliweka ngoma za kifalme chini ya wizara: wanawake wasizipige, na anayetaka wapiga ngoma kwenye sherehe yake aombe kibali na kulipa faranga 500,000. Tarehe 1 Julai 2019 yalitangazwa majina mapya: uwanja wa ndege ukapewa jina la Ndadaye, uwanja wa mpira uliokuwa wa Rwagasore ukaitwa Intwari, na ikulu mpya iliyojengwa na Wachina kaskazini mwa mji ikapewa jina la Ntare Rushatsi, mwanzilishi wa ukoo wa wafalme. Kabla ya hapo chama chake kilikuwa kimeshamvika Nkurunziza cheo cha kiongozi mkuu wa milele. Alifariki tarehe 8 Juni 2020, siku kumi kabla ya mrithi wake Évariste Ndayishimiye kuapishwa.

Kuna urithi mmoja ambao hakuna chama kilichoukimbilia kwa hamu hiyo: bashingantahe, wazee wa kilima waamuzi. Kijana hakuupata uzee huo kwa kadi ya chama. Alitazamwa kwa miaka, jinsi anavyonena, anavyokunywa, anavyolipa deni, kisha majirani wakamtawaza kwa pombe na kiapo, akashika fimbo ya intahe. Angeweza kumwambia hata chifu kwamba amekosea. Chini ya chama kimoja, walioteuliwa kwa utii walianza kuketi mahali pao, na katika miaka ya karibuni sheria zimehamishia kazi kwa madiwani wa kilima wanaopigiwa kura. Sipingi kura. Lakini taasisi ya kale iliyokuwa na ujasiri wa kumkatalia mtawala ndiyo iliyosahauliwa, huku ngoma zinazomsifu zikiwekewa ada na kulindwa.

Na ile hila ya 1960 bado iko kazini. Juni 2023 wizara ya mambo ya ndani ilisimamisha shughuli za CNL, chama kikuu cha upinzani cha Agathon Rwasa. Machi 2024 kongamano la Ngozi likamweka Nestor Girukwishaka mahali pake, na wizara ikamtambua. Katika uchaguzi wa wabunge wa tarehe 5 Juni 2025 CNDD-FDD ilichukua viti vyote 100 vilivyogombaniwa. UPRONA, iliyopata 58 kati ya 64 wakati wa Rwagasore, haikufikisha hata asilimia 2 ya kura.

Uchaguzi wa rais ni mwaka 2027. Kabla ya siku hiyo, wabunge hawa 100, ambao hawana mpinzani wa kumwogopa ndani ya ukumbi, wangeweza kufanya jambo moja dogo: waiondolee wizara ya mambo ya ndani mamlaka ya kuamua nani ni kiongozi halali wa chama, na kazi hiyo waiache kwa wanachama, na kwa mahakama pale wanachama wanapogombana. Wananchi wawaombe hilo mapema, kwa barua na kwa sauti, kila mmoja kwa mbunge wake.