Merikebu Ukutani: Michoro ya Wareno, Ngome ya Yesu, Mombasa

Michoro hii ilitoka kwenye ukuta wa buruji ya San Mateus. Ni kazi ya mikono ya Wareno waliokaa humu baada ya ujenzi wa ngome kuanza mwaka 1593, hadi Waomani walipoiteka Desemba 1698.

Tazama merikebu zenye milingoti na matanga, makanisa, samaki na watu. Rangi zilizotumika ni mbili: nyeusi ya kaboni na nyekundu ya udongo. Vitabu vya wakubwa vilihifadhi amri na hesabu za biashara. Ukuta huu umehifadhi yaliyokuwa moyoni mwa watu wa kawaida waliokuwa mbali na kwao.

Desturi ya kuchora vyombo vya baharini ukutani ilienea pwani yetu. Kwenye lipu ya magofu ya Gede, Kilwa na Songo Mnara imo michoro ya vyombo vya tanga, iliyokwaruzwa kwa ncha kali. Kwa watafiti, ni ushahidi adimu wa maumbo ya vyombo vya zamani.

Tafadhali usiguse wala kuandika ukutani. Jasho la vidole huharibu rangi, na alama mpya hufuta ya kale yasiyorudi.