Nani Atakaa Nawe Uchungu Ukianza?

Leo tujiulize: je, mama mjamzito ana haja ya kumlipa dula?

Dula ni mtu anayekaa na mama wakati wa uchungu. Humshika mkono, humkanda mgongo na kumtia moyo. Yeye si mkunga. Hapimi presha wala hazalishi.

Jina ni geni, lakini kazi si ngeni. Nyanya zetu walijifungulia nyumbani, wakiwa na mama, shangazi na majirani. Hospitali zilipokuja zilileta dawa, damu na upasuaji, na maisha ya wengi yakaokolewa. Lakini kwingi jamaa waliambiwa wasubiri nje. Mama akabaki peke yake na uchungu wake.

Mwaka wa 1980, madaktari walichapisha utafiti waliofanya katika hospitali moja nchini Guatemala. Akina mama waliokaa peke yao walichukua takriban saa 19 tangu kufika hospitalini hadi kujifungua. Waliokaa na mwanamke wa kuwafariji walichukua takriban saa 9. Waliolinganishwa walikuwa 40 tu, lakini tafiti nyingine zilifuata. Kufikia mwaka wa 2017, tafiti 26 zenye akina mama zaidi ya 15,000 zilichunguzwa pamoja. Zilionyesha kwamba mama mwenye mtu kando yake ana nafasi kubwa zaidi ya kujifungua bila upasuaji. Mwaka wa 2018, Shirika la Afya Duniani likapendekeza kila mama awe na mtu anayemchagua mwenyewe.

Sasa sikiliza, mama. Wale wafariji wa Guatemala hawakuwa wauguzi. Kwa hivyo dada, rafiki au mama mkwe aliye mtulivu anaweza kukufaa bila malipo. Ikiwa huna mtu wa karibu, au jamaa zako ni waoga, na pesa zipo, dula atakusaidia. Lakini usiguse pesa za gari la kukufikisha hospitalini.

Ukienda kliniki, uliza mapema: "Nitaruhusiwa kuingia na mtu wangu?" Kisha mweleze mtu huyo: ukitokwa na damu nyingi, ukiumwa sana na kichwa au ukishikwa na degedege, kazi yake ni moja tu, kumwita mhudumu wa afya mara moja.

Uchungu ni wako, mama, lakini si lazima uukabili peke yako. Hadi kipindi kijacho, kwaherini.